Maua ya Wenyewe: Safari Yetu Kusini mwa Meksiko



Tangu turudi Meksiko tumeulizwa maswali mpaka tumechoka kujibu mmoja mmoja. Mlikula nini? Mlisali wapi? Mlivaa nini kwenye baridi? Na zile nguo za maua, mbona hamjatuletea? Leo tunajibu yote kwa pamoja. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo lililotuchelewesha kuandika.

Kwa asiyetujua: sisi ni mawifi wawili, mafundi wa nguo za harusi hapa Unguja. Tulimaliza sekondari, tukasoma kozi ya ushonaji, tukaanza na cherehani moja ya mguu kwenye ukumbi wa nyumba ya mama. Sasa tuna duka dogo, wasichana watatu wanaotusaidia, na mashine moja ya kudarizi inayoendeshwa kwa kompyuta. Mashine hiyo ndiyo inayotoa zile kofia za mabwana harusi mnazozijua, zenye kiua kidogo cha ncha. Alhamdulillah, kofia hizo peke yake zimetulipia kodi ya duka mwaka mzima.

Tulifikaje huko

Mdogo wake Wifi aliolewa Toronto, Kanada. Tulimshonea nguo zote, ya nikaha, ya hina na ya walima, tukampelekea kwa mkono. Wakwe zake walitaka kutulipa ujira tukakataa, maana utamlipishaje mdogo wako? Basi wao wakatukatia tiketi za kwenda Meksiko, wakasema tukapumzike. Viza yetu ya Kanada ilikuwa ya kuingia mara nyingi, na Meksiko ilitukubali kwa viza hiyo hiyo. Kanuni hubadilika, kwa hivyo nyinyi ulizeni kwanza kabla hamjalipa chochote.

Tulikuwa watatu. Baba watoto ni kaka yake Wifi, kwa hivyo mmoja kwake ni mke na mwengine ni dada. Mahram mmoja, abiria wawili, masanduku sita. Maskini alibeba yote.

Lakini hatukwenda kupumzika tu. Kabla ya kuondoka Unguja, bibi harusi mmoja alitujia na picha kwenye simu: wanawake wa Meksiko wamevaa mahameli nyeusi iliyojaa maua makubwa, mekundu na manjano. Akasema, "Nataka hii usiku wa hina, maua haya haya." Akatupa arubuni ya shilingi 300,000. Alipojua tunakwenda huko akafurahi: "Basi mpige picha za karibu, mzitie kwenye mashine." Tukamwambia haina neno.

Na tuwakumbushe kitu. Msimu uliopita fundi mmoja hapa mjini aliutazama mtandio wetu wa vikuba kwenye harusi, akaushona vile vile na kuuza nusu ya bei. Mlitusikia tulivyolalamika. Hatukulala wiki nzima. Liwekeni hilo pembeni, tutalirudia.

Wahaka, mji wa vyungu

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Oaxaca. Usihangaike na maandishi, unatamkwa Wahaka. Ni mji wa mlimani, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, wenye nyumba za rangi na masoko ambayo ukiingia asubuhi unatoka jioni.

Tulipoingia sokoni tulijiona nyumbani. Kuna mapapai, mapera, tungule, pilipili za kila umbo, mahindi meupe, manjano na ya buluu. Tulidhani vitu hivi ni vya kwetu tangu Nabii Adam, kumbe asili yao ni upande ule wa dunia, vikaletwa kwetu kwa majahazi na merikebu miaka mia kadhaa iliyopita. Na wao wameazima kwetu na kwa jirani zetu: wanakunywa maji ya ukwaju na maji ya choya baridi, sawasawa na futari yetu. Pia wana kinywaji cheupe cha mchele na mdalasini, kinaitwa horchata. Hicho tumekipika tena hapa nyumbani, watoto wamekimaliza.

Hata maneno tulikutana nayo. Meza ni mesa. Bendera ni bandera. Sukari ni azúcar, ambalo wao na sisi tumelipata kwa Waarabu. Na wakitamani jambo husema ojalá, neno lililotokana na Kiarabu cha Andalusia lenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake. Wengi wanaolitamka hawajui. Sisi kila tulipolisikia tuliitikia inshallah.

Sasa chakula. Tuseme ukweli, kusini mwa Meksiko Muislamu anakula kwa macho mawili. Nyama ya nguruwe ipo kila pahala, na hatari kubwa si ile unayoiona. Hatari ni mafuta yake, wanayaita manteca. Maharage mengi hukaangwa nayo. Vitumbua vyao vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwenye majani, tamales, hukandwa nayo. Ile chapati kubwa kavu ya Oaxaca, tlayuda, hupakwa mashapo yake kabla ya kutiwa maharage na jibini. Unaweza kuagiza chakula kisicho na nyama hata kidogo, na bado ukala nguruwe. Tulijifunza sentensi moja tukaisema mpaka usingizini: sin cerdo, sin manteca, sin alcohol. Bila nguruwe, bila mafuta yake, bila ulevi. Hiyo ya tatu ni kwa sababu ya mezcal, pombe ya mkonge wa kule, ambayo wengine huitia hata kwenye sosi na peremende. Hatukuona mtu aliyekasirika kwa kuulizwa. Wapishi wengi walikwenda jikoni wakarudi na jibu la kweli.

Kuku na ng'ombe tuliwaacha, kwa kuwa hatukujua wamechinjwaje. Tulikula mayai, samaki, maharage yaliyopikwa kwa mafuta ya mimea, na tortilla. Hizo tortilla ni somo. Mahindi makavu huchemshwa na chokaa, yakalala usiku kucha, asubuhi yakaoshwa ganda likatoka, ndipo yakasagwa kwa jiwe. Chokaa hiyo ndiyo inayofanya donge lishikane bila kupasuka, na huyapa mahindi nguvu mwilini. Mwanamke anaikandamiza, anaitupa juu ya chungu bapa cha moto, inafura kama chapati yetu. Bila mafuta hata tone.

Siku moja tulikwenda kujifunza kupika kwa mama mmoja nyumbani kwake. Tulimweleza masharti yetu, naye akatoa chupa mpya ya mafuta ya alizeti, akaifungua mbele yetu. Alitufundisha mole nyeusi, mchuzi mzito wenye vitu zaidi ya 20. Ndani kuna pilipili kavu zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi, ufuta, lozi, zabibu kavu, tungule, tortilla iliyoungua, mdalasini, pilipili manga, karafuu, na mwisho kipande cha chokoleti. Alipotoa karafuu Wifi aliinusa, akasema kwa Kiswahili, "Hii imechoka, si ya kwetu." Tulicheka, na mama wa watu akacheka bila kujua tunachekea nini. Chokoleti ya kunywa aliipekecha kwa upekecho wa mti, viganja viwili, kama bibi zetu. Tulimwachia kifuko cha karafuu za Pemba. Mfungaji wa masanduku haendi safari bila karafuu.

Na wale panzi wa kukaanga kwa ndimu na chumvi, tunajua mtauliza. Nzige ni halali, panzi ni jamaa zao. Baba watoto alikula mfuko mzima. Sisi tulimwombea dua.

Mti, maji na rangi

Nje kidogo ya mji, Santa María del Tule, kuna mti uitwao Árbol del Tule. Shina lake lina upana wa mita 14 hivi, ni miongoni mwa mashina manene kuliko yote duniani. Sisi watu wa mibuyu si rahisi kushangazwa na mti, lakini pale tulisema subhanallah tukanyamaza. Mbele zaidi ni Hierve el Agua, ambapo maji yenye madini hutoka juu ya jabali, na kwa maelfu ya miaka yamejenga maporomoko ya mawe meupe. Kwa mbali unaona maji yanaanguka. Ukikaribia hakuna kinachoanguka, ni jiwe limeganda. Tulisali adhuhuri pale pembeni. Kwetu Unguja tunaelekea kaskazini, kule kibla ni kaskazini mashariki.

Kwa fundi, lakini, siku kubwa ilikuwa Teotitlán del Valle, mji wa Wazapoteki wanaofuma mazulia ya sufi. Huko tuliona wadudu wadogo wanaoishi juu ya mipungate. Wakikaushwa na kusagwa hutoa rangi nyekundu ambayo zamani Wahispania waliiuza Ulaya kwa bei kubwa. Mfumaji aliisaga kiganjani, ikawa nyekundu kama damu. Akakamulia ndimu, ikawa ya machungwa. Akatia chokaa kidogo, ikawa zambarau. Tulikuwa tumezowea kufungua kopo la rangi, basi. Yule bwana alikuwa na rangi zake kichwani, alizoachiwa na baba yake.

Mjadala wa makumbusho

Nguo za picha ya bibi harusi wetu tuliziona kwenye Museo Textil, makumbusho ya vitambaa mjini Oaxaca. Ni nguo za wanawake wa Tehuantepec, zile ambazo mchoraji Frida Kahlo alizipenda na kuzivaa mpaka zikajulikana duniani. Darizi ni nzito, ua moja lina rangi tano zinazoingiliana. Tulipima kwa macho: msichana wetu hodari angechukua miezi.

Hapo ndipo tulipopata habari ambayo hatukuitafuta. Mwaka 2015, Wamixe wa Santa María Tlahuitoltepec, kijiji cha milimani huko huko Oaxaca, waliona blauzi yao ya asili inauzwa na mbunifu wa Ufaransa kwa bei kubwa, bila jina lao. Walipiga kelele mpaka dunia ikasikia. Hawakuwa wa mwisho kulalamika, na mwaka 2022 Meksiko ikatoa sheria ya kulinda urithi wa watu wa asili na wa Wameksiko wenye asili ya Afrika, nakshi za nguo zikiwemo.

Usiku tulibishana. Wifi alikuwa na hoja, na hatutaki kumdhulumu. Alisema, "Maua hayo hayo ya Tehuantepec wao wameyatoa wapi? Si mitandio ya hariri ya Kichina, iliyokuwa ikija kwa meli kutoka Manila? Na kanga zetu je? Leso ni neno la Kireno. Nguo ni kama ndege, hazina mpaka." Ni kweli. Ukifumua nguo yoyote ya pwani yetu utakuta Uhindi, Arabuni na Ureno kwenye pindo.

Tukalala bila kukubaliana, simu zetu zina picha 60 za maua ya karibu.

San Cristóbal, salamu usiyoitarajia

Kutoka Oaxaca tulipanda basi usiku kucha mpaka San Cristóbal de las Casas, jimbo la Chiapas. Vaeni masweta, jamani. Mji uko mita 2,200 juu, na asubuhi pumzi inatoka kama moshi wa buhuri.

Na huko, wapenzi wetu, tulisikia assalaam alaykum.

Watu wa milima ile ni Wamaya, wengi wao Watzotzil. Miaka ya nyuma familia nyingi zilifukuzwa San Juan Chamula, mji wa jirani, kwa sababu ya kuacha dini ya wenyeji na kuwa Waprotestanti. Wakahamia pembezoni mwa San Cristóbal bila ardhi. Katikati ya miaka ya 1990 wakaja Waislamu kutoka Uhispania kulingania, na baadhi ya familia hizo zikasilimu. Leo wako Watzotzil Waislamu, mamia ya watu, wana misikiti yao, na wako waliokwenda kuhiji.

Mama mmoja alituona sokoni na mitandio yetu, akatuita kwa mkono. Naye alijifunga mtandio mweupe, na chini kavaa sketi nyeusi ya manyoya ya kondoo, ile ya wanawake wa Chamula. Hatukuwa na lugha moja ya kuongea zaidi ya salamu, bismillah na alhamdulillah. Zilitosha. Alitupeleka kwake, tukasali pamoja, akatupakulia kuku aliyechinjwa na mumewe. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kula nyama kwa siku tisa. Hatuoni aibu kusema tulirudia mara mbili.

Tuliuliza kwa simu ya kutafsiri: uliposilimu hawakukwambia uvue nguo za kwenu? Akaishika sketi yake akaitikisa. Simu ikasema, "Hii aliifuma mama yangu. Inafunika. Kwa nini niivue?" Mabibi harusi mnaodhani stara ni lazima ije kutoka Dubai, mlisikie hilo.

Manyoya ya kuku

Siku iliyofuata tulikwenda Zinacantán, kilomita chache kutoka hapo. Ni mji wa wakulima wa maua. Mabonde yamejaa mabanda ya kuyakuzia, na wanawake wameyahamishia kwenye shuka zao za mabegani, buluu na zambarau, maua juu ya maua. Wanafuma kwa namna ambayo hatujawahi kuiona: fimbo moja imefungwa kwenye nguzo, nyingine imeshikwa kwa mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji aliyepiga magoti. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akija mbele zinalegea. Mwili wake ndio kitanda cha kufumia.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya mama na binti zake wawili. Kwanza walitutolea tortilla za moto na mbegu za boga zilizosagwa. Kisha wakatuletea nguo ya bibi harusi wa Zinacantán, inaitwa huipil. Ni nyeupe, na chini yake mmefumwa manyoya meupe ya kuku, pamoja na nyuzi. Kuku, walitueleza, ana mbawa lakini haruki kwenda mbali, anabaki nyumbani na wenziwe. Ndiyo dua yao kwa bibi harusi. Walimvisha Wifi juu ya buibui lake. Mama mzima, watoto wanne, akaona haya kama mwari. Baba watoto akaambiwa atoke nje.

Tukaingia kazini. Mmoja anamsemesha binti, mwengine anapiga picha: ua kwa karibu, mshono kwa nyuma, namna uzi unavyogeuka. Fundi anajua pa kupiga.

Yule mama akasogea. Hakutushika simu. Alitushika mkono, akaugeuza, akatazama ncha za vidole vyetu, pale sindano inapoacha alama. Akasema kitu kwa Kitzotzil. Binti akakigeuza Kihispania, simu ikakigeuza tena. Ile sauti ya simu isiyo na huruma ikasema, "Nyinyi ni mafundi."

Tukasema ndiyo.

"Picha hizi mtazifanyia nini?"

Wapenzi wetu, tungeweza kusema ni za kumbukumbu. Hakuna aliyetujua pale. Lakini tulikuwa tumesali alfajiri siku hiyo, na ulimi ukawa mzito. Tukanyamaza, na kunyamaza kwetu yule mama hakuhitaji mkalimani.

Hakukasirika. Alisema, "Uso wangu pigeni, ni uso tu. Maua haya binti yangu ameyawaza mwenyewe, msimu huu. Mwakani atawaza mengine. Hayo tunakula. Ungetuuliza kwanza."

Pale tukaelewa hoja ya Wifi ilipokosea. Ni kweli nguo zinasafiri. Lakini kuna kilichopita mikononi mwa watu mia kwa miaka mia, na kuna alichokiwaza binti mmoja msimu huu, na mama yake anasubiri kukiuza Jumamosi. Yule fundi aliyechukua mtandio wetu wa vikuba naye angeweza kusema vikuba si vya kwetu, ni vya Waswahili wote. Angesema kweli, na bado alitudhulumu.

Tulizifuta picha mbele yake, zote za pale. Tukanunua shuka tatu kwa bei aliyoitaja bila kuomba apunguze, na nyinyi mnatujua kwa kuomba kupunguziwa. Mama akatwambia kupitia simu, "Zivaeni, hata ziuzeni. Mkiulizwa, semeni zimetoka Zinacantán."

Kwenye mto

Siku ya mwisho tulikwenda Chiapa de Corzo, tukapanda boti kuingia bonde la Sumidero. Mto Grijalva unapita katikati ya kuta za mawe zinazofika kiasi cha mita 1,000 kwenda juu. Shingo inauma kutazama. Mamba wamelala ukingoni midomo wazi, ndege weupe wamejaa mitini. Kila mtu kwenye boti alikuwa anapiga kelele za furaha isipokuwa sisi.

Wifi, ambaye ndiye aliyebishana, ndiye aliyesema. "Na Bibi je?"

Hakuna aliyeuliza Bibi gani.

Kile kiua cha ncha kwenye kofia zetu si chetu. Miaka miwili iliyopita tulimpelekea bibi mmoja mtaani kwetu kofia aimalizie kwa mkono. Yeye ameshona kofia za viua tangu msichana, tundu kwa tundu, kofia moja inachukua wiki na wiki. Kwenye kofia ile aliweka kiua chake cha ncha, alichokibuni mwenyewe. Sisi tukakipiga picha, tukakitia kwenye mashine. Sasa mashine inakitoa kwa dakika, na Bibi bado yuko barazani na sindano. Tuliambiana ni "nakshi ya asili". Kumbe asili yake ilikuwa na jina, na tunaishi naye mtaa mmoja, na kila Iddi tunampelekea sahani ya biriani.

Mnajua tulivyofundishwa. Haki ya Mwenyezi Mungu unatubia kwake, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja huisamehe mja mwenyewe, na usipomfuata hapa atakufuata kesho. Tulitembea nusu ya dunia, saa tisa za tofauti ya majira, kwenda kuambiwa na mama asiyetujua jambo ambalo lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu.

Tuliporudi

Tulianza na bibi harusi. Tulimweleza kwamba maua yale hatutayanakili, tukamchorea ya kwetu: asumini, mlangilangi, jani la mrehani, kwenye mahameli ile ile. Hakutaka. Alisema tumemvunja moyo, na ana haki, kwa sababu tulimuahidi. Tukamrudishia shilingi 300,000 zake zote. Akashonewa kwengine kwa kutumia picha ile ile. Hatusemi uongo, alipendeza. Mchoro wetu umekaa dukani, bado hauna mwenyewe.

Kisha tukaenda kwa Bibi, wote wawili, na shuka moja ya Zinacantán. Alikuwa barazani, kofia mapajani, miwani imefungwa kwa uzi. Tukamwamkia, "Shikamoo Bibi," tukakaa chini, tukamwambia lote bila kupamba. Akashona tundu mbili kabla ya kujibu.

"Nilijua," akasema. "Mjukuu wangu alikuja nayo Iddi mosi. Nilikuwa nangoja kuona mtakuja lini."

Tukamwomba radhi. Akasema amesamehe, lakini tusidhani kusamehe ni bure. Tumekubaliana: kila kofia ya kiua kile inayouzwa ana fungu lake, na tumemlipa za nyuma kwa hesabu ya daftari. Pesa za mashine nyingine tulizokuwa tukiziweka zimeingia humo, na kofia hizo bei imepanda kidogo. Sasa mnajua kwa nini. Ndani ya kila kofia tumetia kitambaa kidogo chenye jina lake, kwa idhini yake. Na Jumanne na Alhamisi wasichana wetu wawili wanakwenda kwake kujifunza kushona kwa mkono.

Tulipoinuka kuondoka akatuita. Alikuwa ameshika kofia yetu ya mashine, ameigeuza ndani nje, anaitazama kwa miwani yake.

"Na hapa mmekosea. Kiua hiki kina matundu matano. Nyinyi mmetia manne."

Basi, bibi harusi mpenzi, ukitujia na picha ya nguo, karibu, usiogope. Tutakuuliza tu: ya nani hii? Tukijua, tutakwambia kama tunaweza kuishona, au tutamtafuta mwenyewe, au tutakaa na wewe tukuwazie yako peke yako. Itachukua siku zaidi. Njoo mapema.

Tuombeeni dua, nasi tunawaombea. Wassalaam alaykum.